Jina Kwenye Kioo cha Nyuma

Kirua Vunjo

Dada yangu Aikaeli,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Jumamosi baba aliniita tubandue stika kuukuu za pikapu, maana itapakwa rangi. Tulizilainisha kwa maji ya moto, nikakwangua kwa wembe. Ya kwaya ilitoka, ya timu ikatoka, likabaki jina lako kwenye kioo cha nyuma. Unajua baba hajalitamka tangu ulipoolewa bila kumwambia, basi sikumuuliza. Nilianzia mwisho. Herufi tatu zilipotoka, likabaki "Aika" tu, ile asante ya kilugha chetu. Mzee Eliufoo, aliyekuwa akipita na mzigo wa majani, akacheka: "Baba Aikaeli, leo gari linamwambia nani asante?"

Baba alikitazama kioo, kisha akanipokonya wembe.

"Acha hapo. Mwenye jina aje amalizie mwenyewe. Na huyo mume wake aje, atashika ndoo."

Mama aliingia jikoni akiimba. Njooni, dada. Fundi wa rangi ameambiwa asubiri.

Mdogo wako akupendaye,
Yuditha