Daftari Lako la Kungoja

Mutuku, jirani yangu,

Kibanda chako cha kutengeneza simu sasa kinauza mayai ya kuchemsha. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Mwenye mayai ni mama mpole, hunisalimu kila asubuhi, lakini hajui kunichokoza. Naendesha cherehani yangu kutwa nzima bila mtu wa kubishana naye.

Tangu tukuzike kwenu Kanyangi sijakuandikia neno. Leo naandika kwa sababu mama yako alikuja hapa mjini Wote wiki iliyopita, akaniuliza swali ambalo bado linanichoma.

Lakini niache kwanza nikumbuke tulivyoanza. Uliazima tepu yangu ya kupimia nguo, nikadhani unataka kupima meza. Kumbe ukaiweka juu ya kioo cha kompyuta yako, kutoka pale bei ya euro, uliyokuwa ukiinunua na kuiuza mtandaoni, ilipoanza kupanda hadi pale ilipofika juu kabisa. Ukaniambia, "Mama Mwende, bei haipandangi moja kwa moja. Inarudi kidogo, inapumua, halafu inaendelea. Kazi yetu ni kujua itarudi mpaka wapi." Ukaweka kidole katikati ya kile kipimo, na kingine chini yake kidogo, pale bei inapokuwa imerudi kama sitini kwa mia. Ukachora mistari hapo, ukasema ndipo pa kungoja kabla ya kununua, na isipofika hapo, tunywe chai. Mimi na miaka yangu hamsini na miwili, mwanafunzi wa kijana wa rika la binti yangu.

Na nilikuwa mwanafunzi mbaya. Nikiiona bei inashuka kuelekea kwenye mstari, roho inanidunda, nabonyeza kununua kabla haijafika. Nayo inaendelea kushuka, inanipita. Wewe unacheka mpaka unashika mlango. "Umepanda kavu tena!" Ulikuwa unasema kweli, ndivyo tulivyolelewa. Huku kwetu mwenye akili hutia mbegu ardhini vumbi likiwa bado linaruka, ili mvua ya kwanza imkute tayari. Anayengoja udongo ulowe huvuna majani. Nani angeniambia kuna shamba ambalo aliyewahi ndiye anayepoteza? Ukakataa katakata nitoke kwenye akaunti ya majaribio, ile isiyo na pesa halisi, mpaka nijifunze kutulia. Ukaondoka kabla ya kuniruhusu.

Nimekukasirikia, sikufichi. Kifua kilikubana majuma mawili ukisema ni baridi tu, itapita. Mara ngapi nilikwambia uende hospitali? Hapo hukutakiwa kungoja, Mutuku. Hapo ungepanda kavu.

Siku ya mazishi mjomba wako alishika kipaza sauti. Akasema vijana wajifunze kwako, kwamba Mungu alikupa mikono ya ufundi ukaitupa kwenye kamari ya mtandao. Watu wakatikisa vichwa. Mama yako akainama, akakaza leso yake mabegani. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Nikajiambia, ngoja amalize. Kisha nikajiambia, ngoja mchungaji aombe. Kisha, ngoja watu wamalize kula. Niliendelea kungoja hivyo mpaka tukapanda gari kurudi Wote.

Basi wiki iliyopita mama yako alikuja kuchukua vitu vyako nilivyokuwekea. Chini ya bisibisi zako akakuta daftari. Akavaa miwani, akaanza kusoma, na mimi nikasimamisha cherehani. Ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa umeandika, "Haijafika. Sijaingia." Siku inayofuata, "Haijafika. Sijaingia." Mara mojamoja, "Imefika, nimeingia." Na mahali pengine, "Imevunja mstari. Nimetoka na hasara. Ni sawa."

Akaniangalia juu ya miwani. "Sasa Mama Mwende, huyu mtoto wangu alikuwa anacheza kamari ama alikuwa anafanya kazi?"

Nikachukua tepu, nikamwonyesha juu ya kitambaa kama ulivyonionyesha wewe. Sikukupamba. Nilimwambia wapo wengi waliounguza mali zao kwa kazi hiyo, na kwamba hata wewe kuna siku bei ilipita kwenye mistari yako kama haikuwepo. Nikamwambia pia kwamba kila ulipoingia ulikuwa umeshaamua ukikosea utatoka kwenye bei gani, na hukuwahi kuombaomba mtu pesa ili uendelee.

Akapitisha kidole kwenye zile "haijafika" zako, moja baada ya nyingine. "Kumbe alikuwa anangoja," akasema. Akalifunga daftari. "Na wewe ulikuwa unajua. Siku ile mbona hukusema?"

Nililia mbele yake, na yeye aliyefiwa ndiye akaninyamazisha.

Tangu hapo nimefikiri sana ungeniambia nini. Nadhani ungecheka, halafu ungeacha kucheka. Ungesema siku ile ya mazishi bei ilifika kwenye mstari wenyewe, Mama Mwende, na wewe ukakaa ukiiangalia. Nilikuwa nimejificha ndani ya subira uliyonifundisha. Ule ulikuwa woga wangu, mwanangu. Nisamehe.

Jumamosi wanaweka msalaba kwenye kaburi lako. Mama yako ameomba nizungumze, na mjomba wako atakuwepo. Nimelishonea daftari jalada kwa kipande cha kitambaa cha suti, kile cha kijivu ulichokuwa ukikisifu. Nitalibeba, na tepu nitaibeba. Nitawasomea kurasa zako kama zilivyo, pamoja na zile za hasara.

Pumzika, Mutuku. Mistari nitaendelea kuichora, na hapo nakuahidi nitangoja bei ifike. Lakini Jumamosi sitangoja watu wamalize kula.

Mimi jirani yako,
Mama Mwende