Chai Niliyoimwaga Nyuma ya Jiko

Xiaobei,
Guangzhou, China.
21 Aprili 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla Benedicta anayekusomea hajafika mstari wa pili. Goti linaendeleaje? Na baridi ya Mufindi imeshaanza? Mimi ni mzima, Mungu anasaidia. Derick ameniambia kwenye simu kwamba watoto wetu walikuja kwako Pasaka wakamaliza kapu zima la viazi. Naomba radhi kwa niaba yao, wamerithi tumbo la baba yao.

Ningeweza kupiga simu, lakini kuna neno ambalo kwenye simu hunikwama. Ndiyo maana nimeandika. Barua ataileta Agape, mwenzangu wa Njombe tunayenunua naye mikoba, pamoja na kifurushi cha chai.

Kazi inaenda. Wiki iliyopita tulishinda kutwa huko Shiling, mji wa viwanda vya mikoba, tukarudi miguu imevimba. Karibu na jengo la Tianxiu, ninapompelekea wakala mizigo yangu, kuna duka la chai la mama mmoja wa makamo, Mama Lin. Huniita laoban, yaani bosi, na bosi mwenyewe nimejitwika furushi kichwani.

Siku moja aliniuzia chai nyeupe. Nikaipeleka chumbani, nikafanya kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angefanya: sufuria, maziwa, tangawizi, sukari vijiko vitatu, nikachemsha mpaka ikataka kumwagika. Sikuonja chochote ila tangawizi. Kesho yake nikaenda kumlalamikia kwamba kaniuzia majani yaliyokufa. Nilipomweleza nilivyopika alishika kichwa, kisha akanivutia kigoda.

Sikiliza alivyofanya, Bibi. Machipukizi yale hayasokotwi wala hayakaangwi. Yanaanikwa tu, yanyauke taratibu mpaka yakauke na vinyweleo vyake vyeupe. Maji yalipochemka aliyaepua, akakaa akingoja yatulie, ndipo akayamimina kwenye kikombe chenye mfuniko. Rangi yake hafifu, kama mabua makavu. Ukinywa unadhani hamna kitu, halafu utamu unakuja nyuma, kooni, na harufu ya nyasi zilizokatwa jana, na asali kwa mbali.

Nikalia palepale dukani. Mama Lin alidhani nimeungua ulimi, akakimbilia maji baridi. Sikuungua. Nilikukumbuka wewe.

Nilikukumbuka ukitoka kuchuma majani ya kampuni kutwa nzima, halafu unachukua ungo na kwenda kwenye mistari yako miwili ya chai nyuma ya jiko, unachuma machipukizi peke yake. Ulikuwa ukiyaanika upenuni na kugombana na kuku siku tatu. Birika ukiliepua ulitukataza kuligusa mpaka liache kuimba. Sisi tuliiita chai ile maji ya kuoshea vikombe, nawe ulicheka tu. Nimeikumbuka sana sauti hiyo ya kicheko mwaka huu.

Sasa neno lenyewe. Siku wakwe zangu walipoleta posa, uliwatengenezea chai ile. Niliona aibu. Niliogopa watasema kwetu tumeishiwa hata majani. Ulipokuwa sebuleni ukiwasalimia, nililimwaga birika nyuma ya jiko, nikapika ya pakiti na maziwa. Ulipoingia uliinua mfuniko, ukatazama, ukaufunga, ukachukua sinia ukawapelekea wageni. Hukusema kitu siku ile, wala miaka kumi na mmoja iliyofuata. Lakini tangu hapo sijauona tena ungo wako upenuni, na sababu yake ninaijua.

Nisamehe, Bibi. Huku wageni wa heshima ndio wanaopewa chai ya namna hiyo. Lakini hata kama dunia nzima isingeijua, ilikuwa chai yako na wageni wako, na mimi nilikudhalilisha jikoni kwako mwenyewe.

Nakuja Desemba. Kama vidole bado vinakubali, naomba unianikie kidogo tu, kiasi cha birika moja. Nitawaita wakwe zangu, na sinia nitalibeba mimi. Hiki kifurushi cha Mama Lin onja, uniambie kama amekufikia. Mimi nadhani bado.

Nisalimie Mama Mdogo Martina na Mjomba Kasmir, na umwambie mjomba kofia yake nimeshainunua. Mungu akutunzie mikono hiyo na macho hayo mpaka nifike, na baada ya hapo aendelee.

Mjukuu wako akupendaye, na kukukumbuka kila birika linapochemka,

Rozina

NB: Benedicta dada yangu, ukimaliza kusoma, tazama kama pana mgeni yeyote hapo sebuleni. Kama yupo, rudia tangu pale nilipolimwaga birika, na usome kwa sauti.