Chuma yangu mu njia ya Kirumba

Butembo, siku ya ine, magaribi

Ilikuwa yangu kweli, ile chuma ya kunyanyulia uzito. Rangi nyekundu pa kushikia, ni mimi niliipaka. Basoda ba jeshi baliikamata pale tulikuwa tunafanyia mazoezi. Leo nimeikuta mu njia ya Kirumba, imekuwa bariere ya kufungia njia.

Soda mumoja alinitambua. "Champion, nyanyua, kamio ipite."

Nilinyanyua. Chuma tupu, bila mizigo, mais niliifikisha juu ya kichwa, sawa vile mu mashindano. Batu ba mu kamio bakapiga makofi.

Redio inasema kule kwa michezo ya mataifa, leo ni zamu ya banaume ba kilo zangu. Ningekuwa kule, kama vita haingefunga njia.

"Kesho urudi," soda aliniambia.

Nitarudi. Hapana fasi ingine ya kuigusa.