Blanketi la Boga

Mwenzangu, nimechoka hoi. Niko kwa dada, matope mpaka magotini. Dhoruba imepitia boga la shemeji.

Lile la mashindano ya boga kubwa. Lile alilolifunika kwa blanketi la dada, wakanuniana weee.

Nimemkuta amekaa juu ya ndoo. Boga lenyewe zima, ila tawi linalolilisha limekatika karibu na shina. Nami na mdomo wangu, eti namtia moyo: "Shemeji, si bado linafaa kuliwa?"

Kuliwa! Mimi nimesema kuliwa!

Akaniangalia tu. "Mengine yote niliyakata yakiwa machanga, ili hili lishibe." Halafu akalia. Shemeji, analia! Sikujua uso niuweke wapi.

Mara dada huyo anatoka. Nikajua leo atamsimanga, maana siku zote boga lile analiita mke mwenza.

Akapiga magoti kwenye matope. Akaanza kulifukia lile tawi kwa udongo, kifundo kwa kifundo, vilevile afanyavyo shemeji kila asubuhi. Kumbe alikuwa akimtazama!

"Hapa limeshatoa mizizi," akasema. "Bado linanyonya. Inuka, baba, machozi hayafukii."

Shemeji akainuka kama mzee. Tukafukia wote watatu. Mgongo sina.

Tulipomaliza, dada akavua blanketi mabegani mwake. Lile lile, mwenzangu! Akalifunika boga, akalichomekea pembeni kama mtoto.

"Leo tu," akasema, na meno yanamgongana kwa baridi.