Waya wa Diski na Siku Tatu za Kunyamaza

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Jumatano, 30 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa huku ukijidai mzima? Na kazini wamekupunguzia zile zamu za alfajiri? Sisi hatujambo. Goti langu linalia nikipanda ngazi, nikishuka linanyamaza, kwa hiyo naona halina ugonjwa, lina uvivu. Shemeji yako mzima, bado anaimba akinyoa ndevu. Mwanao, Chiriku wetu, ameota lile jino alilokuwa akilisubiri, na sasa anacheka hata pasipochekesha ili tulione.

Mwanzoni mwa mwezi uliniuliza kwenye simu kwa nini karatasi zake zilifika Jumapili jioni, wakati ofisi ya uhamiaji ya huko ilizitaka kabla ya saa sita mchana Jumatatu. Nikakujibu kwamba waya ulitusumbua. Sikudanganya, ila sikumaliza. Mtoto alikuwa amekaa ubavuni mwangu, na haya mambo hayasemeki mbele yake. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka bomba lilivyopasuka juu ya kabati, cheti chake cha kuzaliwa na zile hati za malezi zikageuka uji. Nakala zilizobaki ni zile tu ulizoziweka kwenye diski kabla hujaondoka. Bila hizo, ombi lake la kuja kwako lingefungwa, na kulifungua upya ni kazi ya miaka. Hilo nililijua vizuri, kwa hiyo usije ukanitetea.

Ile Jumatano niliitoa diski kwenye droo, nikaichomeka kwenye kompyuta mpakato yangu. Taa ya buluu ikawaka. Nikasubiri, kwenye skrini hakuna kitu. Nikahamia tundu la kulia, nikarudi la kushoto. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikaazima ya mwalimu anayekaa chini yetu, nayo hivyo hivyo: taa inawaka, diski haionekani. Chiriku akaitegea sikio.

"Inazunguka, mama mkubwa. Iko hai, haitaki kuongea tu."

"Basi hamfanani," nikamwambia.

Shemeji yako akaja na bisibisi na tochi, akaikagua kwa heshima zote. Akasema umeme unapita, kwa hiyo tatizo si lake. Kwa fundi umeme, taa ikiwaka kazi imekwisha.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikaipeleka kwa yule dada anayetengeneza kompyuta karibu na posta, mwenye miwani inayoteremka puani. Diski yenyewe hakuigusa. Aliushika waya, akaupapasa taratibu, akasimama penye utepe mweusi.

"Huu kaukata nani?"

"Mume wangu. Ni fundi umeme."

Akauchambua utepe. Ndani, waya mwekundu umeungwa na mwekundu, mweusi na mweusi, kwa ustadi usio na kasoro. Wa kijani na mweupe imekatwa na kuachwa.

"Mwambie hii si taa ya choo, mama. Hizi alizounga zinaleta umeme. Hizi alizoziacha ndizo zinazobeba mafaili."

Unamjua shemeji yako na nyaya ndefu. Pasi yetu inafika nusu ya meza, redio haihami, feni inapuliza ukuta. Wa diski aliufupisha zamani ili droo ifunge vizuri, na ile miwili myembamba akaiona ya ziada. Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Yule dada akachukua waya mzima, akaujaribu kwenye kompyuta yake, na mafaili yote yakajipanga mbele yangu. Nikaliona jina la mwanao. Hapo kicheko kikanikatika.

Nikautia waya mpya mkobani, nikarudi nyumbani. Chiriku alinipokea mlangoni akiuliza kama imekubali. Nikamwambia, "Bado."

Mdogo wangu, waya ule ulikaa mkobani siku tatu. Niliuchukua kazini nikarudi nao. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili pale masjala, na sijawahi kukalia faili la mtu, hata la wale wanaoingia na matusi. La mwanao nililikalia. Sikuwa na mpango wowote. Nilijiambia kesho, na kesho ilipofika nikamsuka nywele, nikamsikiliza akisoma, nikajiambia kesho tena. Unajua Mungu hakutujalia mtoto. Kwa miaka sita nimemwogesha huyu, nimemuuguza, nimegombana na walimu wake. Nilitaka Jumatatu ipite. Naona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyotaka.

Jumapili mchana alikuwa akitafuta kitana mkobani mwangu, akautoa waya.

"Mama mkubwa, si huu hapa, mpya! Ulisahau?"

Nikasema nilisahau. Kabla sijainuka alikuwa ameshauchomeka.

Alianza na picha, mtoto ni mtoto. Akafika kwenye ile ya siku uliyosafiri, niliyoiongeza humo wiki ile ile. Umembeba, mimi nimeshika begi lako, na wewe umeukunja uso wote, machozi yamefika kidevuni. Akaisogelea skrini. Akaigusa kwa kidole, kisha akasema, "Kumbe mama alilia."

Nikamuuliza alidhani nini.

"Nilidhani aliondoka tu."

Maneno hayo yalinimaliza. Miaka yote hii nimemwambia kwamba unafanya kazi, unampenda, unamkumbuka. Sikuwahi kumwambia kwamba siku ile ulilia, na kwamba tulimtoa mikononi mwako kidole kimoja kimoja. Nilidhani namkinga mtoto. Kumbe nilikuwa najikinga mimi. Nikamweleza palepale, yote, naye akasikiliza bila kunikatiza. Kisha nikakutumia karatasi moja baada ya nyingine.

Shemeji yako habari ya mkoba haijui. Ya utepe anaijua, na alinuna siku mbili akidai nyaya za siku hizi zina mambo mengi. Juzi nikamkuta ameushika ule mpya, anaupima kwa macho. Nimeuficha.

Ukinikasirikia, una haki. Nipigie unigombeze, sitakata simu. Ila mtoto usimwambie. Akikua nitamwambia mwenyewe, na kama atanuna, na anune.

Keshokutwa anapanda ndege, na barua hii nimeitia kwenye begi lake, chini ya sweta la kijani. Kiatu cha kulia kinambana lakini atakataa kukubali, kwa sababu anakipenda. Hesabu anazijua, anajifanya hajui ili akaliwe karibu. Akikuuliza swali la kumi, jibu. La kumi na moja mwambie aende akaoge.

Mjomba fundi viatu anakusalimu, na shangazi naye, anataka kujua kama umenenepa. Mwalimu wa chini anasema usiache kumsomesha mtoto lugha yetu. Msalimie sana yule jirani yako muuguzi anayekupikia ukiugua. Mungu awape wewe na mwanao afya na uvumilivu wa kuzoeana upya, na nyumba yenu isikaukiwe na kicheko.

Jambo la mwisho. Usiku akishtuka usingizini huwa anaita "mama" tu, lile "mkubwa" halimfiki mdomoni. Akiita, usisimame mlangoni ukijiuliza anamwita nani. Ingia.

Mimi dada yako,
anayekupenda na kukuomba radhi.