Gari Haijakufa, Imelala

Baba Ndeti,

Muthokoi wako wa mahindi na maharagwe uko kwa sufuria, umepoa. Ukitaka kuupasha, rudisha kwanza mawe yangu ya jikoni mliyoyaweka chini ya gari. Mbuzi wanywe maji mapema.

Gari nimeenda nayo Mwingi. Ndiyo, imetembea! Asubuhi umeniambia imekufa, ukaenda zako mkutano wa kanisa. Natoka nje, nakuta fundi wako wa sokoni yuko chini yake na msumeno, anatafuta mahali pa kufunga springi za pikapu. Gari aliyoniachia marehemu baba haijawahi kuwa na springi. Inabebwa na mafuta: ukiizima inalala, ukiiwasha inaamka polepole kama ngamia. Nimemtoa huyo fundi, nikaiwasha, ikajiinua yenyewe, mawe yakabaki chini.

Siku hizi inachelewa kuamka, ndiyo nikatafuta fundi kutoka Kibwezi mpaka Nunguni. Wote walikuja na jeki. Ni Amin wa Mwingi peke yake aliyeuliza, "Mama, ikiamka inatanguliza mbele au nyuma?"

~~Usiningoje.~~ Nifungulie geti saa kumi na mbili jioni.

Amin aliuliza kabla ya kugusa. Wewe unalala na mwenye gari, na hukumuuliza.

Mama Ndeti