Tairi Uliloliacha Rongo

Baba,

Nimekuletea habari za matairi. Wengine huwaandikia wafu wao kuhusu mbingu na malaika, lakini mwaka wetu wa mwisho mimi na wewe tuliongea matairi, kwa hiyo utanivumilia.

Kwanza habari za nyumbani. Mbwa wako Bosi bado anakimbilia lango kila Probox inapopita barabarani. Anasikiliza injini, anagundua si yako, anarudi na mkia chini. Mama ameacha kumkaripia. Simu yako Mama anaiweka chaji kila siku kama zamani, ila hapokei. Anaitazama ikiita mpaka inyamaze. Wiki iliyopita nilipokea mimi. Alikuwa mwanamke wa samaki kutoka Homa Bay, mmoja ambaye habari zilikuwa hazijamfikia. Akasema, "Mzee Okelo, leo ngege wa Takawiri ni wazuri sana, kuja mapema kabla wengine wachague." Sikuweza kumwambia, Baba. Nilimwambia sawa. Mpaka leo inaniuma kwamba kuna mtu kule alikuwekea samaki, akakungoja.

Kiti chako pale chini ya dirisha hakuna anayekikalia. Mama anakipangusa vumbi. Mimi nilikuwa natembea kwa miguu kwenda shuleni, hata siku za mvua, kwa sababu sikutaka kuona gurudumu la aina yoyote. Watu wakadhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni, lakini kulikuwa na jambo jingine, na ndilo linalonifanya nikuandikie.

Unakumbuka mshahara wangu wa kwanza wa ualimu? Matairi ya gari lako yalikuwa yamebaki vipara, na wewe ukisifu mitumba yako ya majina makubwa. "Ex-Japan hailali njia, nyara." Nyara, binti yangu. Hakuna anayeniita hivyo tena. Nilizunguka maduka ya matairi ya Migori mpaka wauzaji wakanijua. Yale mapya ya jina kubwa yalinishinda. Yale ya chini kabisa niliyaogopa. Ndipo mama mmoja mwenye duka pale Suna akanionyesha ya katikati, jina ambalo hata leo silitamki vizuri. Akaniinamisha, akanionyesha ubavuni zile tarakimu nne zinazosema wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. "Mwalimu, watu wanasoma jina, hawasomi umri. Hii haina jina kubwa lakini ni changa, na inabeba mzigo ya Probox bila shida." Nilimwamini.

Ulizunguka gari lako. Ukapiga teke moja. Ukasoma lile jina kwa sauti, ukanigeukia. "Nyara, hii ni tairi ama ni dawa ya kikohozi?" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeumia kidogo, na nadhani uliona, maana ulinishika bega ukasema tutaona barabarani.

Kisha mvua ikaja. Ulikuwa unapeleka samaki Osiri, kwa wachimba dhahabu, kwenye ile njia ya udongo inayogeuka uji. Ulinipigia simu nikiwa darasani, jambo ambalo hukuwa umewahi kulifanya. "Mwalimu! Dawa yako ya kikohozi imeponya gari! Watu wamekwama hapa, mimi napita tu!" Darasa zima lilisikia. Tangu siku hiyo hukunyamaza. Dereva yeyote aliyesimama karibu nawe kwenye kituo cha mafuta alionyeshwa matairi. "Hizi ni za binti yangu," ulisema, kana kwamba mpira niliupika mimi jikoni. Kila Ijumaa kabla jua halijatua uliyasugua kwa brashi na sabuni, ili Sabato tufike kanisani tukiwa na matairi meusi yanayong'aa. Mchungaji alikutania kwamba unayaosha kuliko moyo wako.

Na nyuma ya gari, ndani ya gunia, kulikuwa na ile spea, tairi lako la akiba. Baba Mdogo Owino alikuletea kutoka Nakuru nikiwa bado mtoto. Jina kubwa, meno yote, halijawahi kugusa lami. Aliposhuka nayo alikupa kwa mikono miwili, na wewe ulimsifu ndugu yako mpaka kijiji kizima kikajua. Ulibadilisha magari mawili bila kulitumia. "Hii ni ya siku mbaya," ulikuwa ukisema. Mimi nilijifunza kusoma umri wa tairi, nikasoma yangu manne, na sikuwahi hata siku moja kulifungua lile gunia. Hakuna aliyelifungua. Lilikuwa la Baba Mdogo, na kitu cha ndugu hakikaguliwi.

Sasa nije kwenye siku ya mazishi, ambayo sikutaka kuifikia.

Unajua kwetu mtu hazikwi kabla mmoja wa nyumbani hajasimama kueleza kifo kilivyokuja. Alikuwa wapi, alikuwa akifanya nini, kilimkuta vipi. Kikishasemwa pale mbele ya jeneza, kimekuwa hivyo, watu wanaenda nacho makwao. Kwako alisimama Baba Mdogo. Alieleza vizuri, sauti ikimkatika. Kwamba ulitoka Suna asubuhi kufuata samaki Homa Bay. Kwamba kabla ya Rodi Kopany tairi la mbele lilipasuka, gari likaingia mtaroni. Kisha akaongeza. "Ndugu yangu hajauawa na Mungu. Ameuawa na tairi za bei ya chini. Watoto wanatafuta sifa na vitu hazina jina."

Hakutaja jina langu. Hakuhitaji. Ulikuwa umewatangazia wote, Baba, kwamba matairi ni yangu. Shingo ziligeuka benchi baada ya benchi. Mama aliushika mkono wangu mpaka pete yake ikanichoma. Nilikuwa nimeandika maneno machache ya kukuaga, na zamu yangu ilipofika nilitikisa kichwa. Uliingia ardhini bila neno langu.

Niliamini. Hilo nataka ulijue. Niliamini kwamba nimekuua kwa zawadi. Nikiwa nafundisha hesabu nilikuwa nasikia mlio ambao sikuwepo kuusikia. Baba Mdogo alipokuja kumsalimia Mama, chai niliyomimina mimi ilibaki kikombeni mpaka ikafanya ngozi juu. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nisingeinywa.

Kisha polisi wakasema tuchukue vitu vyako garini. Tulienda mimi na Mama. Gari limeegeshwa uani nyuma ya kituo, limekunjwa upande wa dereva, sitakueleza zaidi. Mama alichukua kofia, kitabu cha nyimbo na ile thamosi yako isiyofunga vizuri. Mimi sikutaka kutazama chini. Nilitazama. Tairi la nyuma, langu, zima. La nyuma la pili, langu, zima. La mbele kushoto, langu, lina vumbi tu na meno yake yote. Nikazunguka kwa lile lililopasuka. Ubavu umefunguka, nyuzi ziko nje. Na juu ya nyuzi, kwa herufi nene, lile jina kubwa.

Nilipiga magoti nikatafuta tarakimu nne. Lile tairi lilitengenezwa nikiwa darasa la nne, Baba. Meno yake mapya kabisa, na mpira wake umezeeka gizani ndani ya gunia mpaka ukakauka. Nililigusa kwa kidole, likamomonyoka.

Na nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli na wewe huwezi kuniona uso. Nilisimama kando ya gari lililokuua nikafurahi. Mama aliniuliza kama ninaumwa.

Lakini langu la nne lilikuwa wapi? Nyuma ya gari hamkuwa na kitu, gunia tupu tu. Mama alidhani limeibwa. Mimi nilimwambia kama uliweka spea, basi langu uliliacha kwa fundi njiani; tukifika Rongo tushuke, tuulize kwa mafundi wa pancha walio kando ya barabara. Wa kwanza hakujua. Wa pili, mwanamume wa makamo aitwaye Ouma, alinitazama kisha akamtazama Mama na leso yake nyeusi, akaweka spana chini. "Wewe ndiye mwalimu?" Akaingia ndani ya kibanda chake, akatoka nalo. Alikuwa amelining'iniza ukutani. Limeandikwa kwa chaki, "Mzee wa samaki." Limezibwa, limejazwa upepo, limeoshwa. Alisema watu wengi walitaka kulinunua akakataa.

Akatueleza. Ulikanyaga msumari karibu na Rongo. Ukafika kwake taratibu. Yeye akataka kulidunga ile kamba ya mpira kutoka nje, kazi ndogo, uendelee na safari yako. Nawe ukakataa. "Alisema hii ni ya binti yake, nisiidunge kamba. Niifungue, niweke kiraka ya ndani, ikauke pole pole. Nikamwambia basi mzee, ngoja. Akasema boti ya Takawiri imeshafika, samaki haingoji. Akatoa spea kwa gunia. Akasema atairudia jioni."

Furaha yangu iliishia hapo.

Kama ungelipenda tairi langu kidogo tu, Baba. Kama lingekuwa kwako tairi kama matairi mengine, la kudungwa kamba na kusukumwa barabarani, ungefika Homa Bay. Ungenunua ngege. Ungerudi nyumbani ukilalamikia barafu. Ulilihurumia tairi, hukujihurumia. Nilikaa kwenye benchi la Ouma na lile tairi mapajani, nikalia kwa sauti ambayo sikuitoa hata kaburini, na magari yalipita, na Mama akanifuta uso kwa leso yake. Akaniambia, "Atieno, baba yako alikuwa mkaidi tangu nimjue." Ndilo neno pekee lililonishika mkono mwaka huu wote.

Juzi mwalimu mwenzangu alinunua gari. Alinifuata uani kwa woga, akaniuliza kama haya matairi ya katikati, yasiyo na jina, yanatosha kweli. Naona alijuta kabla hajamaliza kuuliza. Nilimjibu. Nilimwambia yanatosha, ila asome umri, asome na uzito yanaoruhusiwa kubeba, aweke upepo unaotakiwa, na spea yake aifungue aikague leo, hata kama amepewa na mtu anayempenda kuliko wote. Sauti yangu haikukatika. Nilijishangaa.

Baba Mdogo naye alinipigia simu. Hajawahi kunipigia tangu tukuzike. Alizungukazunguka, akauliza kama mvua imenyesha Migori, akauliza hali ya Mama. Kisha akasema, "Atieno, ile spea yangu... siku hiyo ilikuwa wapi?" Nilikuwa nimesubiri swali hilo kwa hasira. Nilikuwa nimepanga maneno yenye meno. Lakini nilichelewa kujibu, na katika kule kuchelewa nikamsikia analia. Alikuwa anajua, Baba. Sijui tangu lini. Labda alijua hata alipokuwa ameshika kipaza sauti, na ndiyo maana alipiga kelele namna ile, akitafuta tairi jingine la kulaumu. Nilichoweza kusema ni hiki tu: "Baba Mdogo, njoo siku ya ukumbusho. Uje mapema, ule kwetu kwanza."

Ukumbusho ni Sabato ijayo. Ninajua vile itakavyokuwa. Atakapofika nitammiminia chai, na mara hii ataimaliza, kwa sababu nitakaa hapo mpaka aimalize. Nitamwambia yote, mimi na yeye na Mama, mlango ukiwa umefungwa. Nitamwambia lilipasuka lake. Na nitamwambia kwamba ulipokuwa na haraka ulilitoa kwenye gunia bila kulitazama mara mbili, kwa kuwa alikupa yeye. Mimi najua inavyokuwa kumpa mtu tairi kwa mikono miwili. Sitamwachia mwingine usiku niliopitia mimi.

Kisha nitasimama mbele ya watu niseme maneno niliyoyameza siku ile. Nitaeleza upya kifo chako kilivyokuja, maana kilielezwa vibaya. Nitasema Okelo wa samaki alipata pancha Rongo, akabadilisha, akaweka spea kama dereva yeyote. Spea, basi, sitasema ya nani. Nitasema ilikuwa imezeeka na hakuna kati yetu aliyejua. Nitasema aliacha tairi la binti yake lizibwe vizuri kwa sababu alilipenda. Waende na hilo makwao.

Nakuahidi pia Bosi hatakosa mtu wa kumfungulia lango, na yule mwanamke wa samaki nitamfuata mwenyewe Homa Bay nimwambie ana kwa ana, asikungoje tena. Nitapanda gari. Nimeshaanza kupanda.

Tairi liko chumbani kwangu, limeegemea ukuta. Jana Ijumaa, kabla jua halijatua, nililisugua kwa brashi yako na sabuni. Ile chaki sikuigusa.

Lala sasa, Baba. Ulimwambia Ouma utalirudia jioni. Nimelirudia mimi.

Nyara,
Atieno